Mdhamini mkuu akijitoa kwenye mbio zenu za baiskeli za milimani, pigeni hesabu kwanza

Naandika hii kwa yeyote aliye kwenye kamati ya mbio za baiskeli za milimani, hasa zile za siku kadhaa mfululizo, ambaye leo au kesho atafungua barua pepe akute mdhamini mkuu anashukuru kwa ushirikiano mzuri na anawatakia kila la heri. Mimi yalinikuta. Mbio zetu zilikuwa za siku 5, watu wanashindana wawili wawili, na ilikuwa imebaki miezi 4 na siku chache. Niliisoma ile barua nimesimama, nikarudia kuisoma, nikamtumia mwenyekiti wetu bila kuandika neno, akanipigia hapo hapo na tukabaki kimya wote wawili kwenye simu, hakuna aliyejua aanzie wapi.

Kosa la kwanza tulilifanya usiku ule ule. Tulianza kuandikia makampuni mengine. Wiki 2 nzima tunaandika, tunapiga simu, tunaomba kukutana na watu wa masoko, na hakuna hata mmoja aliyesaini. Nikiangalia sasa naona wangesaini vipi, kampuni kubwa inapanga hela zake za matangazo mwaka mzima kabla, wewe unakuja dakika za mwisho na pengo mkononi, halafu swali la kwanza wanalokuuliza ni yule wa mwanzo kaondoka kwa nini, na huna jibu la kueleweka. Kibaya zaidi tulikuwa tunaomba kiasi kile kile alichokuwa anatoa yule aliyeondoka, wakati hatukuwa tumekaa chini kujua kama kweli tunakihitaji.

Na hatukukihitaji chote. Hili ndo jambo kubwa ninalotaka mlibebe: mdhamini akiondoka, anaondoka na gharama zake pia. Fungueni bajeti, mstari kwa mstari, na kila mstari muulize hiki kinamhudumia nani, mpanda baiskeli au mdhamini? Sisi tulikaa watu 3 na kalamu nyekundu. Jukwaa kubwa la kila jioni, skrini, hema la wageni maalumu na chakula chao, watu wa video na droni, jezi za bure zenye nembo, mabango ya kuzungushia eneo lote la kumalizia, yote hayo yalikuja kwa sababu yeye aliyataka, na mengine yalikuwa kwenye mkataba kabisa. Alikuwa analeta karibu nusu ya hela yetu yote, kwa hiyo tulishajiambia tumepoteza nusu. Tulipomaliza kupiga mistari tukakuta karibu theluthi ya hela yake ilikuwa inamrudia mwenyewe. Pengo lilikuwepo bado, na lilikuwa linauma, ila sasa lilikuwa na ukubwa unaojulikana.

Halafu kuna kitu kitawaponza msipokuwa makini, nacho ni vile vitu ambavyo mdhamini anatoa bila kuandikwa popote. Kwetu ilikuwa malori. Kila asubuhi wapanda baiskeli wakiondoka, mabegi yao yanapakiwa na kupelekwa kambi inayofuata, na malori yale yalikuwa ya kampuni ya mdhamini, na madereva wake, na mafuta yake. Hayakuwa kwenye bajeti hata senti moja. Tulikuja kushtuka baadaye, tena ni kijana wa kambi ndo aliuliza kwenye kikao, jamani, mabegi yatabebwa na nani? Kwa hiyo waulizeni watu wenu wa uwanjani, wale wanaofunga mahema na kubeba maji, msiulizane wanakamati peke yenu, maana wanaojua kitu fulani huwa kinatoka wapi ni wao.

Sasa kwenye kupunguza. Mtapata ushauri wa kila aina, na mtu mmoja mwenye nia njema kabisa atawaambia mpunguze ambulensi. Kwetu alisema tulikuwa na 2 na mwaka uliopita moja haikutoka kambini. Nilikataa na nitakataa kila siku. Njia za milimani ni nyembamba, mtu akivunjika mtulinga katikati ya hatua, yani njia ya siku moja, unaweza kuhitaji saa nzima ya kumtoa kwa machela mpaka kufika sehemu gari linapoweza kusimama, halafu gari likiondoka naye huko nyuma una mamia ya watu kwenye miteremko ya mawe na huna cha kuwabeba. Hapo inabidi usimamishe mbio au ufumbe macho uombe Mungu. Madaktari, ambulensi, redio za mawasiliano, watu wa njia panda, maji, alama za njia, bima, na wale wanaofunga msafara nyuma ya mtu wa mwisho, hayo hayaguswi. Kama hela haitoshi kuyafanya kwa siku 5, basi fanyeni kwa siku 4, au 3.

Na kweli kukata siku kunaokoa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu siku moja ikiondoka inaondoka na kambi yake, milo yake, madaktari wake, alama zake na vibali vya wenye ardhi wa upande ule. Ukijaribu kubana kidogo kidogo kila siku unaishia na mbio ndefu ambayo kila kitu kina upungufu, chakula kinaisha kabla wa mwisho hawajafika (na wa mwisho ndo wenye njaa kuliko wote, wamekaa juu ya baiskeli muda wa saa 9), maji ya kuoshea baiskeli hayatoshi, watu wanalala na matope. Sisi tulikata siku moja, na kubwa zaidi tukaacha kuhamahama, kambi ikawa moja siku zote na kila hatua ikawa inazunguka na kurudi pale pale. Mahema yanafungwa mara moja tu, jiko linakaa sehemu moja. Suala la malori likaisha lenyewe. Nilihuzunika, sikatai, kwa sababu raha ya mbio za hatua ni kuvuka nchi, kuamka mahali na kulala kwingine, ila wapanda baiskeli wengi walituambia walipumzika vizuri zaidi.

Nirudi kwenye kosa la pili, ambalo naona ni baya kuliko la kwanza. Tulinyamaza wiki 3. Tulidhani tukipata mdhamini mwingine haraka hakuna atakayejua, lakini nembo ilitoweka kwenye tovuti na watu wana macho. Uvumi ukaanza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba mbio zimekufa, watu wakaanza kudai hela zao, na mtu anayedai kwa hofu ni mgumu kuzungumza naye kuliko yule uliyemwambia mapema. Tulipoandika hatimaye tuliandika wazi: mdhamini kaondoka, siku zinapungua, kambi inakuwa moja, usalama uko vile vile, na una chaguo 3, uje, uhamishie kiingilio chako mwaka ujao, au urudishiwe hela. Wengi walikuja. Dada mmoja aliyekuwa anajiandaa na mumewe tangu mwaka uliotangulia alijibu kwa mstari mmoja tu, "sasa naweza kuendelea na mazoezi", na mimi ujumbe ule uliniuma kwa sababu ulinionyesha tulimkosesha nini zile wiki 3.

Lakini kuahidi kurudisha hela kunawezekana kama hela ipo. Viingilio wekeni akaunti yake peke yake, msiviguse kulipia mambo ya mwanzo kwa matumaini kwamba awamu ya mdhamini itaingia mwezi ujao. Sisi tulikuwa tumevigusa kidogo na kidogo kile kilitunyima usingizi.

Kwa yule anayeondoka, msigombane naye, kaeni naye mezani. Kwenye baiskeli za barabarani kuna mfano mzuri, benki ya Uholanzi ya Rabobank ilipotangaza Oktoba 2012 kujitoa kudhamini timu yake, timu haikufa, benki iliendelea kulipa kulingana na mkataba na mwaka 2013 timu ikaanza msimu kwa jina la Blanco, yani bila jina la mdhamini, mpaka katikati ya mwaka ikampata mdhamini mpya, Belkin. Ni ile ile ambayo leo mnaiona kama Visma-Lease a Bike. Kwa hiyo ulizeni: mkataba unasema nini kuhusu kuvunja kabla ya muda? Kama hawawezi kutoa hela wanaweza kutuachia nini? Sisi tuliomba mahema, wakatuachia.

Na jina. Mbio ya Transalp, ile ya baiskeli za milimani kuvuka milima ya Alps, ilianza 1998 na imepita kwa wadhamini kadhaa, imeitwa Jeantex, ikaitwa Craft, ikaitwa Maxxis, ila neno Transalp halikuguswa na watu wanafuata jina hilo. Jina la mdhamini likae mbele au nyuma ya jina lenu, lisiwe ndo jina lenyewe. Na hata kwenye vitu vidogo. Vibao vyetu vya mishale, zaidi ya 600, vyote vilikuwa vimechapwa nembo ya mdhamini chini ya mshale. Tulikaa chini na watu wa kujitolea, tukaziba kimoja kimoja kwa utepe wa karatasi wenye gundi, vidole vikawa vinanata mpaka jioni, na hatua ya pili ikanyesha mvua, utepe ukabanduka, nembo zikarudi zote. Siku hizi tunachapa mshale mtupu, rangi moja, na nembo inakuwa kibandiko cha pembeni.

Mkataba mpya tulioupata mwaka uliofuata ni wa wadhamini 4 wadogo, hakuna anayebeba zaidi ya robo, na kila mmoja anatakiwa kutoa taarifa miezi 12 kabla ya kujitoa. Mmoja hapendi kipengele hicho na kila tukikutana anakirudia. Bado kipo.