Kabla hujarudia mbegu, uliza imezaliwaje

Msimu ukikaribia napigiwa simu za swali lile lile. Shangazi anauliza, jirani anauliza, na kijana aliyenunua eka mbili Mvomero huku bado ameajiriwa Dar naye anauliza: "Hii mbegu naweza kuirudia mwakani, yaani nikapanda punje nilizovuna mwenyewe?" Jibu langu huwakera kidogo, kwa sababu nami nawauliza: imezaliwaje?

Mimi si mtafiti. Niliwahi kuwa kibarua wa kuchavusha mahindi kwenye shamba la majaribio, na ile kazi ndiyo iliyonifungua macho. Unafunika gunzi changa kwa mfuko wa karatasi kabla ndevu hazijachomoza. Jioni unafunga mbelewele, yaani maua dume ya juu, za bua lingine. Asubuhi jua likishakausha umande, unakung'uta chavua mfukoni, unaimwaga kwenye ndevu za yule uliyemchagua, unafunika tena na kuandika tarehe. Shingo inawasha hadi usiku. Ukichelewa, ndevu zikatoka wazi, basi upepo umeshamwoza binti kwa mume usiyemjua, na gunzi hilo halina kazi tena.

Kwenye mahindi, shida yote ya kurudia mbegu inaanzia hapo, kwa huo upepo. Ili kupata chotara, yaani zile zilizoandikwa F1, mtafiti hulazimisha mahindi yajichavushe yenyewe kizazi baada ya kizazi mpaka ukoo unyooke, mimea yote ifanane. Mahindi ya namna hiyo ukiyaona utayahurumia: mafupi, membamba, gunzi kama kidole. Lakini ukioanisha koo mbili zisizo na undugu, mtoto hutoka na nguvu ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Nguvu hiyo haihifadhiki. Ukirudia punje za chotara wa wazazi wawili, nusu ya ule mchanganyiko unaoleta nguvu hupotea katika kizazi kimoja tu. Shamba linakuwa na bua refu, bua fupi, gunzi hapa, kibunzi pale. Watu husema kampuni zimetia dawa ili turudi dukani. Hakuna dawa yoyote, ni mahindi yenyewe yalivyo (ingawa sidhani kama kampuni zinasikitika).

Na chotara si GMO, yaani mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabara. Nimechoka kulisema hili kwenye magrupu ya WhatsApp. Pale shambani vifaa vyetu vilikuwa mifuko ya karatasi na kalamu.

Chotara nazo hazifanani. Kule Kitale, Kenya, mwaka 1964 ilitolewa H611, iliyotokana na kuoanisha Kitale Synthetic II na Ecuador 573, mahindi yaliyotoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Wazazi wote wawili hawakuwa koo zilizonyooshwa, walikuwa jamii pana zenye mchanganyiko ndani yake. Ukirudia mbegu ya aina hiyo unapoteza, ila huanguki kwa kishindo kama anayerudia chotara wa koo mbili zilizonyooka. Kwa hiyo ukisikia mzee anasema "sisi tulikuwa tunarudia na tunavuna", usimbishie. Huenda anazungumzia mbegu nyingine kabisa.

Kama mfuko wako hauruhusu kununua kila mwaka, tafuta mbegu za uchavushaji huria, zile zinazoachwa zichavushwe na upepo, kama Staha, Situka au TMV-1. Hizi unaweza kurudia misimu kadhaa, ila uchague ukiwa shambani, si ghalani. Ghalani utaona gunzi kubwa tu, hutajua kama bua lake lilisimama peke yake kwenye rutuba ya zizi la zamani. Pita katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani, weka alama kwenye mabua yenye afya yaliyobanana na wenzake na bado yakabeba vizuri. Chukua magunzi mengi, mia moja na zaidi. Ukichukua kumi yaliyo mazuri kuliko yote, baada ya misimu michache utakuwa umeoanisha ndugu kwa ndugu bila kujua.

Maharage na mpunga ni habari nyepesi. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka vizuri. Mtafiti huoanisha mara moja kwa mkono, kisha huchagua kizazi hata kizazi mpaka mimea itulie, na kila kizazi hupunguza tofauti zilizobaki kwa nusu. Ukinunua maharage ya Lyamungu 90 au Uyole 96 safi, rudia bila wasiwasi. Kinachokuja kuiharibu ni magonjwa yanayosafiri ndani ya punje, kwa hiyo usichukue mbegu kwenye mche wenye madoa. Kwenye mpunga angalia pia soko. SARO 5 inazaa kuliko Supa, lakini harufu yake ni nusu, na mnunuzi anajua. Zanzibar walipita njia nyingine: waliipitisha Supa kwenye mionzi, wakachagua kilichotoka, wakapata SUPA BC. Mionzi ilipita kwenye mbegu za mwanzo. Haimo kwenye wali wako.

Muhogo ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu historia yake iko hapa hapa Usambara. Miaka ya 1930, kituo cha Amani, Tanga, watafiti Storey na Nichols walikuwa wanapambana na batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya muhogo. Muhogo wa kawaida haukuwa na kinga ya kutosha, wakaenda kuitafuta kwa binamu yake, mti wa mpira, ule ule tunaochuma kisamvu cha mpira. Waliuoanisha na muhogo. Watoto walikuwa na kinga lakini mizizi haikufaa, wakawarudisha kwa muhogo tena na tena mpaka kinga ikabaki na mizizi ikawa ya kulika. Mbegu za kazi ile zilifika Nigeria, na aina nyingi za muhogo zinazostahimili batobato Afrika leo zina damu ya Amani. Hata Namikonga, aina ya muhogo inayosifika kwa kustahimili michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa virusi unaoharibu mizizi, ilitoka kwenye kazi hiyo.

Sasa, kipando cha muhogo ni mama yule yule aliyekatwa vipande. Sifa zake unazipata zote, na virusi vyake pia. Jirani akikupa vipando vya bure, nenda ukavione vikiwa bado na majani, kabla havijakatwa. Jani lililokunjamana lenye mabaka ya njano, achana nalo. Michirizi ya kahawia ni fitina zaidi, kwani majani yanaweza kukudanganya. Mwombe akung'olee shina moja, ukate mzizi vipande. Ukikuta madoa makavu ya kahawia ndani, mshukuru na uondoke mikono mitupu. Na hata aina yenye kinga si ya milele shambani. Inzi weupe wanaleta virusi kila msimu, hivyo ng'oa mche unaougua mapema na utafute vipando vipya kwa mzalishaji aliyekaguliwa.

Ukifika duka la pembejeo, soma mfuko kabla ya kuuliza bei. Tafuta F1, jina la aina, tarehe ya kupimwa uotaji na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kwa wenzetu Kenya, stika unayoikwangua ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa huko. Muuzaji akikupimia chotara kwa kopo kutoka gunia lililo wazi, nenda duka la pili.