Chupa zako za mvinyo: anayenunua mtandaoni ananunua historia

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuzipiga picha chupa ulizokusanya miaka yote hii, uzitupie mtandaoni na kuuza moja moja. Tuanze na leseni. Nchi nyingi haziruhusu mtu binafsi kuuza kileo bila kibali, na masoko mengi ya mtandaoni hufuta matangazo ya pombe. Mimi zangu nilizipitisha kwa dalali wa mnada mwenye leseni, anayeendesha mnada kwa intaneti. Yeye ndiye anayeuza kwa niaba yako, wewe ni mwenye mali tu.

Kabla hujamtumia orodha, chambua. Mvinyo mwingi hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na kukaa kabatini hakuuongezei thamani. Zinazogombewa ni chache: za Bordeaux na Burgundy (Ufaransa) zenye majina, Barolo ya Italia, Champagne za mavuno mazuri. Wine-Searcher, tovuti ya kutafuta bei za mvinyo, itakupa picha ya bei, lakini nyingi pale ni bei za maduka. Wewe utapata pungufu. Zisizo na soko kunywa na jamaa zako, wala usisikitike.

Sasa penye pesa: ushahidi. Mnunuzi hawezi kuonja, kwa hiyo anataka kujua chupa ililala wapi. Niliulizwa risiti, joto la chumba (nyuzi 12 au 13 za Selsiasi ndizo zinazopendwa), unyevu, na kama chupa zililazwa au zilisimamishwa. Zilizokuwa na risiti na kasha lake la mbao zilikadiriwa juu kuliko zile zisizo na karatasi. Piga picha lebo, kofia ya kizibo, na mvinyo ulipoishia shingoni, taa ikiwa nyuma ya chupa. Kama umeshuka hadi mabegani mwa chupa, sema mapema, maana watauona tu. Na lebo usiifute hata kama ina ukungu!

Ukali huu wa wanunuzi una chanzo. Mwaka 2008 mnada mmoja New York ulitangaza mvinyo wa Clos Saint-Denis wa Domaine Ponsot, watengenezaji wa Burgundy, wa mwaka 1945 na kuendelea, wakati Ponsot walianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Chupa hizo zikaondolewa. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2014 kwa kuuza mvinyo bandia.

Kwenye mkataba soma makato yote: kamisheni, bima, usafiri. Mnunuzi naye hutozwa ada juu ya bei ya nyundo (bei iliyoshinda mnadani), kwa hiyo hupunguza anachotaja. Dai bei ya chini ambayo ikikosekana chupa inarudi kwako, na uulize mapema nani atalipia kuirudisha.