Usinunue maiki bado

Mkuu, umesema redio yako ya mawasiliano inapokea safi, ila ukirusha sauti kutoka Kondoa wenzako wanasikia sauti inakwaruza na kukatika, hasa ukipaza. Maiki iache kwanza, mi nashuku umeme. Redio ya wati 100 ikisikiliza tu inakula ampea moja hivi, ukibonyeza kitufe cha maiki na kuongea inavuta hadi 20. Hapo waya mwembamba unaumbuka.

Chukua mita, pima nyuma ya redio yenyewe, siyo kwenye betri, huku ukiongea. Ikishuka chini ya volti 11.7 tatizo umelipata. Yangu hapa Nkuhungu betri ilisoma 12.6, redioni 10.9! Kumbe kishikio cha fyuzi kilikuwa na ule unga wa kijani. Msasa kidogo, waya nene na fupi, sauti ikanyooka. Na kiangazi hiki angalia maji ya betri, yanakauka upesi.

Antena ya waya ya masafa ya 7.1 MHz ni mita 10 kila upande, punguza kidogo kidogo ukipima. Huo mbuyu uliotundikia unafaa sana, ila waya usilale juu ya bati.