Usilipie mayai ya hariri kabla hujaongea na jirani mwenye nyanya

Mkuu, simama hapo hapo. Unauliza bei ya vifukofuko, vile viota vya uzi ambavyo kiwavi wa hariri anajisokotea, na namna ya kuvuta uzi wake, halafu katikati unataja kama jambo dogo kwamba mforosadi wako huko Ilula, mti ambao majani yake ndiyo chakula cha viwavi, umepakana na shamba la nyanya, na wiki ijayo unalipia boksi la mayai 20,000. Usilipe!

Kiwavi wa hariri ni mdudu, na mwenye nyanya kila akibeba bomba anakwenda kuua wadudu. Upepo ukigeukia kwako, umekwisha. Wangu walikuwa wameshajivua ngozi mara ya nne, wamebakiza siku chache waanze kusokota. Umri huo wa tano ndio wa ulafi: zaidi ya asilimia 80 ya majani yote ya maisha yao wanayala hapo, kwa hiyo hela ya vibarua nayo inaishia hapo. Asubuhi nikakata majani ya upande wa mpakani. Jioni nakuta wameinua vichwa, wanavitikisa huku na huku, wanatapika maji ya kijani, wengine wamesinyaa hadi nusu ya urefu. Mimi, bingwa wa ufugaji, nikasema ni joto. Nikafungua madirisha, nikawaongezea majani yale yale! Kulipokucha nikawazoa kwa koleo. Waliouliza harufu ya nini niliwaambia mbolea, na migomba yangu ni shahidi.

Na usiniambie utayaosha. Kuna dawa zinazoingia ndani ya jani lenyewe, na jani lenye maji linawaletea magonjwa ya tumbo.

Yule mwalimu wetu wa semina, sijui siku hizi anadanganya mkoa gani, alituambia mforosadi hausumbui, panda popote. Kumbe "popote" ilikuwa ni ili boksi zake za mayai ziishe. Nilipompigia akaniambia labda nina mkono mzito. Mkono mzito! Nikotini peke yake inawaua, kiasi kwamba hata shamba la tumbaku lililo jirani ni hatari, na yeye hakugusia hata siku moja.

Sasa fanya hivi. Mjue jirani anapiga dawa gani na siku gani, akubali kukuambia mapema. Mistari ya mpakani iache iwe ukuta, majani yake usiwalishe viwavi. Na kila unapokata majani mapya, wape kwanza viwavi wachache uliowatenga, walale nayo, wengine waendelee na majani ya jana uliyoyahifadhi kwenye ubaridi. Wakiamka wazima, ndipo ulishe banda zima.

Uzi? Kausha vifukofuko kabla kiwavi aliyemo hajageuka nondo akatoboa, maana akitoboa, uzi wa mamia ya mita unabaki vipande. Hayo mengine subiri kwanza uwe na vifukofuko.

Haya, huyo jirani anapiga dawa siku gani?