Mjamaa, Mkomunisti na Bepari

Mwanafunzi wa kidato cha nne kutoka Mpwapwa anauliza: "Mwalimu alikata kwa wino mwekundu sentensi yangu isemayo 'Tanzania ilikuwa nchi ya kikomunisti'. Je, ujamaa na ukomunisti si kitu kimoja? Na ni sahihi kumwita mwenye duka bepari?"

Mwalimu alikuwa na sababu ya kukata. Tanzania ilijitangazia siasa ya ujamaa kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, na Katiba ya mwaka 1977 hadi leo inaiita nchi ya kijamaa, si ya kikomunisti. Ukomunisti, kwa maana ya Marx na wafuasi wake, ni jamii isiyo na matabaka ambamo nyenzo za uzalishaji mali si za mtu binafsi. Hata Wasovieti, waliotawaliwa na chama chenye jina hilo, walisema kwamba wamo katika hatua ya usoshalisti (socialism, ambao kwa Kiswahili huitwa pia ujamaa) tu na kwamba ukomunisti wenyewe uko mbele.

Ujamaa una mzigo wake mwingine, kwa kuwa umetokana na jamaa, na undugu huo haumo katika usoshalisti. Tena maana yake haikusimama mahali pamoja. Azimio lilitaka njia kuu za uchumi ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi, ilhali ibara ya 151 ya Katiba ya sasa, inapofafanua ujamaa, hutaja demokrasia, kujitegemea, uhuru, usawa, udugu na umoja, bila kugusa umiliki wa viwanda wala benki. Wanasheria na wabishane. Kwa mwandishi wa insha, inatosha kuonyesha ni ujamaa wa wakati gani anaouzungumzia.

Bepari lilitoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Siasa ndiyo iliyolifunga pamoja na kabaila, mnyonyaji na kupe, hata likawa karibu na tusi. Kwa matumizi ya leo, mama anayeuza zabibu zake mwenyewe sokoni Majengo ni mfanyabiashara; bepari ni yule mwenye mtaji anayeajiri wengine shambani au kiwandani, akawalipa ujira, faida ikabaki kwake. Mwenye duka anayeuza mwenyewe bila kuajiri mtu, basi, hajafika huko.

Jihadhari pia na upatanisho: andika "mabepari hao wanamiliki mashamba", kamwe si "mabepari hayo yanamiliki".