Albamu ya kwanza ya Fleetwood Mac ni ya 1968, si ya 1975

Wengi hudhani albamu ya kwanza ya Fleetwood Mac, bendi iliyoanzia Uingereza, ni ile ya 1975 yenye waimbaji Stevie Nicks na Lindsey Buckingham. Hapana, hiyo ni ya kumi. Ya kwanza ilitoka Uingereza Februari 1968, chini ya lebo ya Blue Horizon. Kinachowachanganya watu ni jina: zote mbili zinaitwa Fleetwood Mac tu, ndiyo maana wengi huiita ile ya zamani Peter Green's Fleetwood Mac, kwa jina la mwanzilishi wa bendi.

Ninayo sahani yake ya santuri. Jalada lina uchochoro, pipa la taka na mbwa, na ukiicheza hutasikia hata chembe ya ule ulaini wa nyimbo zao za baadaye zinazopigwa redioni. Ni blues tupu: Jeremy Spencer anatelezesha chuma kwenye nyuzi za gitaa kama Elmore James (tamu, ila baada ya nyimbo tatu unaanza kuzichanganya), na Peter Green anaimba na kupuliza kinanda cha mdomo. Ilifika namba 4 kwenye chati ya albamu za Uingereza bila hata wimbo mmoja uliovuma.

Angalizo kwa wanaobishana kuhusu besi: John McVie amepiga besi kwenye nyimbo zote, isipokuwa "Long Grey Mare". Hiyo ni ya Bob Brunning, aliyemshikia nafasi McVie alipokuwa bado kwenye bendi ya mwanamuziki wa blues John Mayall. Na "Albatross", wimbo wao uliovuma, msiutafute humo, ulitoka peke yake kama singo mwishoni mwa 1968.