Mbona Weusi wa Sinema Ni Kijivu? Maswali Yenu Kuhusu Projekta

Maswali mliyoleta kuhusu picha za sinema ni mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Nimechagua yanayogusa projekta na skrini, maana huko ndiko wagunduzi wanakohangaika hasa, ingawa matangazo yote huishia kwenye idadi ya pikseli.

Mkanda wa filamu haupo tena. Sasa picha inatoka wapi ndani ya projekta?

Inatoka kwenye vioo. Katika projekta nyingi za sinema, mwanga wa taa hupita kwenye prizimu inayoutenga kuwa nyekundu, kijani na bluu, kisha kila rangi hupelekwa kwenye chipu yake. Juu ya chipu kumepangwa vioo vidogo kuliko unene wa unywele, kimoja kwa kila pikseli. Chipu ya 2K, yaani pikseli 2048 kwa 1080, ina vioo zaidi ya milioni 2.2.

Kila kioo huinama nyuzi 12, upande huu au upande ule. Upande mmoja hurushia mwanga kwenye lenzi na wewe unauona. Upande wa pili huumwaga pembeni, kwenye kizuizi cheusi ambako unaishia kuwa joto. Hali ya katikati haipo. Basi kijivu kinatoka wapi? Kinatoka kwenye muda. Kioo hupinduka maelfu ya mara kwa sekunde, na jicho halina mbio hizo. Kikielekea kwenye lenzi nusu tu ya muda, ubongo unasoma mwanga hafifu.

Aliyebuni chipu hii ni Larry Hornbeck wa Texas Instruments. Alianza kazi hiyo mwaka 1977 kwa vioo vilivyobonyea kidogo au sana kulingana na umeme vinaopewa, akasumbuka navyo miaka kumi. Kufanya vioo vingi hivyo vibonyee sawasawa ni kazi isiyokwisha. Mwaka 1987 akaachana na habari ya kidogo au sana, akabaki na ndiyo na hapana. Kwangu huo ndio ugunduzi wenyewe: suala la kioo kimesimama wapi akaligeuza kuwa suala la kimesimama kwa muda gani, na kuhesabu muda ni kazi ambayo kompyuta inaimudu bila jasho. Mwaka 2015 akakabidhiwa sanamu ya Oscar, mhandisi katikati ya watu wa filamu.

Kwenye projekta ya ofisini, nikigeuza macho haraka naona rangi za upinde wa mvua. Sinema sizioni. Kwa nini?

Nyingi za ofisini zina chipu moja na gurudumu la rangi linalozunguka, kwa hiyo nyekundu, kijani na bluu hupokezana. Jicho likisogea katikati ya zamu, rangi zinaachana. Sinema zina chipu tatu, rangi zote zinafika pamoja.

Tukio la usiku kwenye filamu naliona kijivu badala ya jeusi. Projekta mbovu?

Huenda ni nzima kabisa. Projekta haina uwezo wa kurusha giza. Inachoweza ni kujizuia kurusha mwanga, na kujizuia huko hakujakamilika. Mwanga uliomwagwa pembeni hugonga kingo za vioo na vipande vya lenzi, kiasi kikapenya. Projekta ya kawaida ya sinema huonyesha nyeupe iliyo kama mara 2,000 tu ya nyeusi yake. Ongeza taa za mlango wa kutokea, ongeza mashati meupe ya watazamaji yanayorudisha mwanga kwenye skrini, weusi wote unakwisha.

Dawa iliyoingia kumbini mwaka 2015 kupitia Dolby Cinema, kumbi za kampuni ya Dolby, ni kupitisha mwanga kwenye chipu mara mbili mfululizo. Uliovuja mara ya kwanza unazuiwa mara ya pili, na kwa kuwa ni kuzidisha si kujumlisha, faida ni kubwa mno: Dolby wanatangaza nyeupe iliyo mara milioni moja ya nyeusi yake. Gharama yake ni kwamba kila mapito yanakula mwanga, ndiyo maana mtambo huo unategemea leza. Kiwango cha mwangaza wa skrini kilichowekwa na studio kubwa za Hollywood kupitia DCI, chombo chao cha pamoja, mwaka 2005, ni kandela 48 kwa kila mita ya mraba. Dolby wanafika 108.

Njia mpya zaidi inanivutia kuliko hiyo. Fikiria picha ya mshumaa katika chumba cha giza: projekta ya kawaida inawasha mwanga wa skrini nzima, kisha inautupa karibu wote. Kampuni ya Barco imetengeneza projekta ambazo kabla ya mwanga kufika kwenye vioo, huukunja kutoka sehemu za giza na kuuelekeza penye mwali. Giza linakuwa giza kwa sababu mwanga haukupelekwa huko tangu mwanzo, na mwali unang'aa kwa mwanga ambao zamani ungeishia kuwa joto.

Runinga yangu ni 4K. Ukumbi wa karibu nami bado ni 2K. Nimewazidi?

Kwa pikseli, ndiyo. Kwa jicho, inategemea ulipokaa. Mtu mwenye macho mazuri akikaa umbali unaozidi takriban mara 3.2 ya kimo cha skrini hawezi kutenganisha pikseli za 2K, hivyo za ziada hazimsaidii. Safu za mbele zinafaidi. Tukipewa kuchagua kati ya pikseli mara nne na mwanga mara mbili, mimi nachukua mwanga.

Kwa nini filamu za 3D huwa na giza? Na kuna siku filamu ya kawaida nayo ilikuwa vivyo hivyo.

Mfumo uliozoeleka una projekta moja inayopokezanisha picha ya jicho la kulia na la kushoto, mara 144 kwa sekunde. Mbele ya lenzi kuna kichujio kinachopitisha mwanga unaotetemeka kwa namna moja tu kwa kila jicho, na miwani yako inachuja tena. Kila jicho linazibwa nusu ya muda, na kichujio kinakula zaidi ya nusu ya kilichobaki. Kutoka kandela 48, lengo la kawaida la 3D ni kama 15. Skrini ya rangi ya fedha hurudisha mwanga mwingi zaidi, ila huurudisha zaidi kwa walio katikati, wa pembeni wakaonewa.

Leza zimeleta njia nafuu. Kila jicho linapewa nyekundu, kijani na bluu zake, zilizotofautiana kidogo sana kwa urefu wa mawimbi, na miwani inazitenganisha. Hapo mwanga unazaliwa tayari umegawanyika, wa kukatwa ni mdogo.

Kuhusu siku ile ya filamu ya kawaida: kuna projekta ambazo fundi asipoondoa lenzi ya 3D, filamu isiyo ya 3D nayo inapitia vichujio vilevile. Geuka utazame dirisha la chumba cha projekta. Ukiona miale miwili imepandana juu na chini wakati wewe huna miwani, toka nje ukaseme.

Leza huonyesha chembe chembe zinazometameta kwenye nyeupe. Ni macho yangu?

Si macho yako. Mawimbi ya leza yanakwenda kwa hatua moja, yakigonga skrini yenye mikwaruzo midogo yanaongezana hapa na kufutana pale. Tiba ni kuvuruga mpangilio huo: kuchanganya leza za mawimbi yanayokaribiana, au kutikisa skrini yenyewe kwa mtetemo usioonekana. Skrini za fedha ndizo zinazosumbua zaidi.

Fremu nyingi kwa sekunde si ingekuwa bora? Mbona watu walilalamika?

Ingekuwa laini, na laini si lazima iwe bora. Fremu 24, yaani picha 24 kwa sekunde, zilikubaliwa sauti ilipoingia filamuni mwishoni mwa miaka ya 1920, na tumezoea kuzihusisha na hadithi. Desemba 2012 Peter Jackson alitoa The Hobbit: An Unexpected Journey kwa fremu 48, kamera ikizunguka mandhari, picha haikurukaruka, lakini wengi walisema wanaona mapambo na vipodozi badala ya wahusika. Nawaelewa. James Cameron mwaka 2022, katika Avatar: The Way of Water, alikuwa na busara zaidi: mtambo unakwenda kwa 48 muda wote, lakini pasipohitaji ulaini kila fremu inarudiwa mara mbili, ukaona 24 ileile.

Nikipata diski ya filamu iliyopelekwa sinema, naweza kuicheza nyumbani?

Huwezi. Faili zimefungwa kwa usimbaji wa AES wa biti 128, na ufunguo hutolewa kwa seva moja mahususi, kwa tarehe na saa maalumu. Hata ukumbi wa jirani ukiazima diski hiyo, bila ufunguo wake haina kazi.

Skrini za LED zitaua projekta?

Skrini hizi huwaka zenyewe, pikseli kwa pikseli, bila projekta. Samsung ilifungua ya kwanza Seoul mwaka 2017, na kwa weusi hakuna projekta inayoifikia: pikseli ikizimwa imezimwa. Mwangaza wake unazidi kandela 48 mara kadhaa. Tatizo liko kwenye sauti. Skrini ya kawaida imetobolewa matundu madogo sana, spika zimesimama nyuma yake, na maneno yanatoka pale pale mdomo ulipo. Paneli za LED ni ukuta mzima. Spika zinalazimika kukaa juu na pembeni, na programu inajitahidi kulidanganya sikio kwamba sauti inatoka katikati, huku ukuta huohuo mgumu ukirudisha mwangwi ambao skrini ya kitambaa isingeurudisha. Ongeza bei na umeme, na projekta bado zina miaka mingi ya kazi.